Maswali na majibu: Roboti imepinga, mwenye roboti ameliwa

Barua za mwezi huu kuhusu roboti za kamari, yaani programu zinazoweka madau zenyewe mtandaoni, nimezipunguza. Zote zinazouliza "roboti gani inalipa kwenye mbio za farasi?" nimeziweka kando, maana nimeshajibu: inamlipa anayeiuza. Na tafadhali andikeni roboti, si boti. Kila nikisoma "boti yangu imezama" namwona mvuvi wa Pangani, ingawa kwa hasara mnazonisimulia hamko mbali na ukweli.

Roboti yangu inapinga farasi (kulei, yaani kubeti kwamba hatashinda) kwa dau la pauni 10 kila mbio. Katika mbio 24 imeshinda 19, lakini mtaji umepungua. Nimeibiwa? (Leicester)

Hukuibiwa, dada. Ulihesabu ushindi, hukuhesabu hela. Mara 19 umekula pauni 10. Ukitoa kamisheni ya soko ambako watu hubeti wao kwa wao, tuseme asilimia 5, unabaki na 180.50. Wale farasi watano waliokushinda, kwa orodha uliyonitumia, walikuwa na odi (kile ambacho kila pauni ya dau hurudisha farasi akishinda) za 3, 4.5, 6, 7 na 9. Farasi akishinda, anayepinga hupoteza dau likizidishwa kwa odi iliyopunguzwa moja: 20, 35, 50, 60, 80. Jumla 245. Uko chini kwa pauni 64.50, na hakuna mwizi.

Nimeandika hili mpaka wino umeniisha: usifunge dau kwa kiasi kilekile, funga dhima, yaani kile utakachotoa farasi akishinda. Chukua dhima ya pauni 30. Farasi wa odi ya 4, dau 10. Wa odi ya 7, dau 5. Wa odi ya 11, dau 3. Kwa hesabu hiyo farasi wako watano wangekula 150, si 245. Ni kweli pia kwamba kwa farasi wa odi kubwa ungevuna kidogo. Kufunga dhima hakukupi ushindi. Kunakuwezesha kujua asubuhi kitakachoweza kukutoka jioni. Mimi sivuki asilimia 2 ya mtaji kwa mbio moja, na hata hiyo huona nyingi.

Nimeuziwa mfumo wa kukomboa: ukiliwa, dau linalofuata linapandishwa mpaka lirudishe hasara yote na faida ya pauni 10 juu. Napinga odi ya 4 tu, mtaji 1,000. Ni salama? (Reading)

Swali hili limekuja tena! Haya, chukua kalamu.

Dau la kwanza 10, ukiliwa umetoa 30. Dau la pili lazima liwe 40, ukiliwa umetoa 120, jumla 150. Dau la tatu 160, ukiliwa 480, jumla 630. Dau la nne ni 640, na dhima yake ni pauni 1,920. Wewe umebakiwa na 370. Roboti itagonga ukuta hapo hapo, na mfumo wa kukomboa umekwisha kabla haujakomboa.

Utaniambia kuliwa mara tatu mfululizo ni bahati mbaya ya mwaka. Farasi anayestahili odi ya 4 hushinda mara moja katika nne. Mara tatu mfululizo ni robo ya robo ya robo, moja katika 64. Roboti inayopinga mbio 300 itakutana na mfululizo wa namna hiyo mara tatu au nne hivi. Ukiwa na mbio kadhaa kila siku Uingereza na Ireland, mbio 300 si mwaka, ni wiki chache.

Na hata bila kukomboa, kamisheni inakutafuna kimyakimya. Mpinge farasi huyo kwa dau la 10 mara 300: unakula 9.50 mara 225, unatoa 30 mara 75. Umepoteza pauni 112.50 bila kufanya kosa lolote. Kama huna sababu ya kuamini odi ni ndogo kuliko anavyostahili farasi, hakuna mpango wa dau utakaokuokoa. Aliyekuuzia anajua hivyo.

Kupinga si kamari, ni biashara, sivyo?

Ni kamari. Umehamia upande wa pili wa meza tu.

Nilipinga kwa pauni 10 odi ya 6, nikaiambia roboti ifunge hasara katikati ya mbio (kwa kubeti kwamba farasi huyohuyo atashinda) odi ikishuka mpaka 2. Ilifunga kwenye 1.3. Kwa nini?

Kwa sababu odi haikupita kwenye 2 ikakusubiri. Farasi akiruka kiunzi cha mwisho vizuri na mwenzake akijikwaa, bei inaruka naye. Ungefunga kwenye 2 ungepoteza pauni 20, kwenye 1.3 umepoteza 36 na senti. Usipange mtaji kwa ile 20. Panga kwa 50 nzima, kana kwamba kufunga hakupo. Na wewe unayetazama kwenye simu, picha inachelewa. Kuna watu wameiona mbio hiyo kabla yako.

Hukuniuliza, lakini nakuonya: dau la kupinga lililokosa mtu wa kulipokea kabla ya mbio, usiliache liendelee mbio zikianza. Likipata mtu, mara nyingi ni kwa kuwa farasi anakwenda vizuri na wengine wanamgombania. Akizubaa nyuma, hakuna atakayeligusa.

Je, roboti inaweza kuharibika ikapinga zaidi ya mtaji?

Leopardstown, Dublin, 28 Desemba 2011. Farasi jike Voler La Vedette alikuwa anaelekea kushinda, huku kwenye Betfair, soko la madau la mtandaoni, kuna mtu anampinga kwa odi ya 29, na fedha zilizokuwa zikingoja zilizidi pauni milioni 20. Dhima yake ilikaribia milioni 600. Ilikuwa roboti ya mteja mwenye chini ya pauni 1,000 kwenye akaunti. Kampuni ilifuta madau yote ya katikati ya mbio, na walioshangilia wakarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo: weka kikomo cha idadi ya madau kwa mbio, kikomo cha hasara kwa siku, na kwenye akaunti acha hela ya siku hiyo tu. Mtandao ukikatika, roboti isitume dau tena kabla ya kuuliza kama la kwanza lilifika.

Farasi mmoja akijitoa baada ya mimi kupinga mwingine?

Odi yako inakatwa, dhima inapungua. Ila farasi wako sasa ana wapinzani wachache. Soma kanuni za soko lako.

Nimeliwa pauni 3,000, mke wangu hajui. Kuna roboti ya pauni 400, nikomboe kidogo kidogo?

Hapana, mdogo wangu, usinunue. Jiandikishe GAMSTOP, ni bure, na itakufungia kampuni za mtandaoni zenye leseni ya Uingereza. Iambie benki yako izuie malipo ya kamari. Mkeo mwambie wewe kabla taarifa ya benki haijamwambia. Na hiyo roboti uliyonayo izime leo, kabla ya mbio za saa nane.