Ukihisi una usonji na wewe ni mtu mzima

Nilikuwa na miaka saba, tunaishi Mikindani, Mtwara. Bibi mmoja jirani alikuwa barazani anakula ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, nikapita, akasema, "Karibu." Nikakaa, nikala naye mpaka bakuli likaisha. Jioni mama alinichapa. Watoto wenzangu wote walijua kwamba hapo unajibu "asante, nimeshakula," unaendelea na safari yako. Mimi niliambiwa karibu, nikakaribia. Nilipouliza mtu anajuaje karibu ipi ni ya kweli, nikaambiwa nina kiburi.

Hilo neno kiburi nimekua nalo. Salamu zetu za pwani ni ndefu: habari za kuamka, za nyumbani, watoto hawajambo, na kazi je? Nikiulizwa habari za watoto, naanza kueleza homa ya mdogo na dawa aliyopewa, kumbe mwenzangu alishafika kwenye habari za kazi. Shikamoo ndiyo naipenda tangu utotoni, kwa sababu jibu lake ni moja.

Mimi ni karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Msimu wa korosho ukifunguka mwezi Oktoba, kazi naiweza vizuri: namba za wakulima zinakaa kichwani, na kilo zikipungua naona kabla ya mahesabu kufungwa. Kinachonimaliza ni mengine. Vibarua wanaitana, mizani inalia, taa ndefu ya darini inapepesa na hakuna anayeiona isipokuwa mimi. Ikifika saa nane mchana, maneno yanaacha kutoka mdomoni. Nilikuwa nazunguka nyuma ya rundo, naegemeza paji la uso kwenye gunia, nakaa hivyo nikinusa korosho ghafi mpaka mikono iache kutetemeka. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo bila kumwambia mtu.

Miaka minne iliyopita dada yangu alipelekwa mbio na mwanawe, hospitali hadi hospitali, na mara moja nilimsindikiza. Daktari alikuwa anamwangalia mtoto kama ana usonji (autism), yaani ubongo unaofanya kazi kwa namna tofauti tangu utotoni. Akauliza: anachagua sahani? Sauti zinamuumiza? Maneno anayachukua kama yalivyo? Akivurugiwa ratiba inakuwaje? Kufikia swali la tano au la sita, dada akaacha kumtazama daktari, akageuka kunitazama mimi.

Kama na wewe umefika hapo, nakuomba usilibebe peke yako kama nilivyolibeba miezi tisa. Kila usiku nilijihukumu upya.

Anza kwa kuandika. Usiandike "mimi ni mgumu wa kuzoeana na watu". Andika tukio, na ulikuwa na umri gani. Karibu ya ming'oko iko kwenye daftari langu ukurasa wa kwanza. Kamuulize mama au bibi wakati bado wapo, kwa maana mtaalamu atataka kujua ulikuwaje utotoni, na usonji hauanzi ukubwani. Bibi yangu nilipomuuliza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba wako alikuwa hivyohivyo." Mjomba aliyeshona nyavu peke yake, aliyekula chakula kimoja kila siku, ambaye watu walimwita mchawi kwa sababu hakuwatazama usoni. Amekufa akiitwa hivyo. Usonji hutembea sana ndani ya ukoo, na mimi nalia kila nikimfikiria.

Utakutana na dodoso la maswali 50 lililotungwa na watafiti wa Cambridge na kutolewa mwaka 2001. Lijaze, lakini halitoi jibu la daktari, na halikutungwa kwa ajili yetu. Kuna mahali linauliza kama unapenda ukumbi wa maigizo kuliko makumbusho. Mimi nilijiuliza swali la kwetu: kwenye shughuli, ungependa kukaa mkekani na wenzako mkimenya vitunguu na kupiga soga, au ukabidhiwe kuhesabu sahani za kukodi? Nilikuwa nahesabu sahani tangu nina miaka kumi na mbili. Na pale nilipolazimika kukaa mkekani, nilijifunza kucheka wenzangu wanapocheka, kisha nililala siku mbili. Wanawake wengi tunapitwa bila kugundulika kwa sababu ya kujificha kwa namna hiyo.

Kuhusu jina, utasikia Asperger. Hans Asperger alikuwa daktari wa watoto Vienna, akaandika kuhusu watoto wa namna hii mwaka 1944, na Lorna Wing wa Uingereza ndiye aliyelisambaza jina hilo mwaka 1981. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeliingiza ndani ya usonji, na Shirika la Afya Duniani nalo likafanya hivyo kwenye orodha iliyoanza kutumika 2022. Halafu mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kuwa Asperger alishiriki kupeleka watoto wenye ulemavu kwenye kituo walikouawa wakati wa utawala wa Hitler. Niliposoma hayo sikutaka tena kujiita kwa jina lake. Nasema usonji, inatosha.

Kwa huduma, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu Mtwara ni Ligula, kwa Lindi ni Sokoine, uulizie afya ya akili. Nenda na daftari lako. Wa kwanza niliyemwona mimi, sehemu nyingine, aliniambia usonji ni wa watoto, nikarudi nyumbani nikiwa nimevunjika. Si kweli: mtoto mwenye usonji hukua akawa mtu mzima mwenye usonji. Ila uwe tayari kusikia jambo jingine pia, kwa maana wasiwasi uliozidi na sonona vinaweza kufanana nao, au kuja pamoja nao. Mimi bado sijapata karatasi ya daktari.

Watu wa namna yangu nimewapata kabla ya karatasi, na njia yangu ilikuwa wazazi wa watoto wenye usonji. Dada alizoeana na mama mwingine kliniki, siku moja nikamweleza yangu, akasema, "Mbona ni kaka yangu mtupu." Kaka huyo ni fundi simu Chikongola, hapahapa Mtwara. Naye akamleta mwalimu wa hesabu. Wengine niliowaambia walisema ni majini, shoga yangu wa ghalani akasema ni ugonjwa wa Wazungu, ingawa ndiye leo ananishikia mizani nikienda kupumzika, na ile taa amedai ibadilishwe mpaka imebadilishwa. Usimfute mtu kwa jibu lake la kwanza.

Tunakutana Jumapili saa kumi jioni, Shangani, chini ya mkungu, na saa kumi na moja na nusu tunaondoka. Salamu ni moja tu. Hakuna anayedaiwa kutazamana usoni, na anayetaka kuondoka huondoka bila kuaga.

Mara ya pili kwenda nilimkuta fundi na kontena la ming'oko mapajani. Akasema, "Karibu." Nikasimama palepale, sijui nifanye nini. Akasogeza kiroba alichokalia, akasema, "Nimemaanisha. Nimechemsha nyingi, na bakuli lako ni hili."