Wifi yako umletee nini

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, na kwa kuwa maneno ni mengi nimeona bora nikuandikie kuliko kukupigia simu. Umesema wifi yako mimba imetimia miezi saba, ndiyo ya kwanza, wewe unakuja Amu mwezi ujao na hujui umletee nini. Ukaongeza kwamba umeona huko Nairobi kikapu kimefungwa utepe, ndani mna chupa ya kunyonyeshea, poda, manukato ya mtoto, soksi za sufu na mdoli.

Kikapu hicho kiache dukani. Chupa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mtoto hunyonya maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji hapewi, na kliniki zote zinafundisha hivyo. Kenya ina sheria tangu mwaka 2012 inayozuia kutangaza maziwa ya kopo, chupa na chuchu za mpira. Mzazi wa kwanza, usiku wa pili au wa tatu, maziwa hayajashuka vizuri na mtoto analia, akiiona chupa kando ya kitanda mkono utaifuata. Ikitokea haja ya kweli, daktari atasema na chupa itapatikana siku hiyo hiyo. Poda nayo mtoto huivuta kifuani. Na hizo soksi, mwanangu, mtoto anatarajiwa Januari, kaskazi imeshika! Atavaa wapi?

Lakini hata kikapu kingekuwa na vitu vizuri, bado ningekwambia hivi: watu wote wanamletea mtoto. Tangu tumbo lilipoonekana, kila anayebisha hodi ana fulana ndogo au kofia ndogo, na kabati limejaa. Mkaza mwanangu mwenyewe, ambaye mgongo unamuuma na usingizi haumjii, sijaona aliyemkumbuka. Wewe mletee yeye. Tazama ni kazi gani au taabu gani itakayomchosha, umwondolee.

Usimwulize anataka nini. Atakwambia, "Chochote wifi, usijisumbue." Ameolewa kwetu juzi tu na bado anatuonea haya. Mimi nakwenda kwao Shela karibu kila Ijumaa, namuona anavyoishi, kwa hiyo nisikilize mimi.

Kitanda chao ni cha kizamani, kile cha kwenda juu, alichoachiwa nduguyo na babu yake. Kukipanda sasa hivi ni kazi: anashika nguzo, anavuta pumzi, anapandisha goti moja, anapumzika, kisha la pili. Na usiku anashuka mara nyingi kwenda msalani. Nataka umtengenezee kigoda kipana cha kukanyagia, chenye miguu iliyotanuka kisiteleze. Fundi seremala wa hapa Langoni atakifanya kwa siku mbili, wewe lipa tu. Kitamfaa hata baada ya kuzaa, akiwa anashuka na mtoto mkononi. Pamoja nacho, mto mrefu wa sufi. Miezi hii ya mwisho mja mzito hulala ubavu, halali chali, na mto wa kuweka baina ya magoti na wa kuegemeza tumbo humpa usingizi ambao dawa hazimpi.

Sasa leso, yaani kanga. Nunua doti tatu, za pamba tupu. Ukiwa dukani lowesha kidole, dondosha tone kwenye pembe ya leso. Pamba hulinywa tone papo hapo na doa likatanda. Ile yenye nailoni tone hukaa juu liking'aa, nawe iache. Zikate, zipindwe, kisha uzifue mara mbili au tatu mpaka ule ukavu wa dukani uishe, ndipo uzikunje uzilete. Leso mpya isiyofuliwa haifai kumpokelea mtoto, ni ngumu na hainyonyi maji. Moja itampokea mtoto, moja itafunga tumbo la mzazi, moja atajifunika akinyonyesha mbele ya wageni, na zilizobaki hazikosi kazi. Na jina la kila leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, ulisome kabla hujalipa. Wifi kumpa wifi leso ya mafumbo, hata kama hukukusudia, watu watalitafuta neno mpaka walipate. Chagua za dua au za shukrani.

Madera mawili ya pamba pia ni zawadi nzuri, mapana, yenye vifungo mbele ili asilazimike kuvua kila mtoto akitaka kunyonya. Sidiria usinunue sasa. Kifua chake kitabadilika na utakosea kipimo.

Mkoba wa hospitali nitamsaidia kuufunga mimi. Wewe lete pedi kubwa za wazazi, pakiti kadhaa, maana damu ya nifasi, ile ya baada ya kuzaa, huweza kuendelea wiki nyingi na dukani hapa zile kubwa hazipatikani kila siku. Ongeza chupi pana za pamba na kandambili zisizoteleza. Vitu hivi watu huona haya kuvitoa zawadi, na ndivyo mzazi anavyovitafuta usiku wa kwanza.

Kuna zawadi mbili hazifungwi kwenye karatasi, nami nazipenda kuliko zote.

Ya kwanza ni bima ya afya ya serikali. Nduguyo ni mvuvi, hana mshahara. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mtu kama yeye mchango wake huhesabiwa wa mwaka mzima. Kujiandikisha amejiandikisha, lakini najua fedha hazijatimia, ingawa hawezi kukwambia. Zungumza naye faragha, kama dada, umchangie. Mkewe asijue kama nduguyo hapendi ajue.

Ya pili ni boti. Unaijua njia ya Shela, maji yakijaa pwani haipitiki vizuri, na uchungu hauchagui saa. Aweko nahodha jirani aliyekwisha kuambiwa na kukubali kuamshwa usiku, na pesa yake iwekwe kando, isiguswe kwa samaki wala kwa mafuta ya mashine. Mimba ya kwanza ndiyo ambayo presha hupenda kuizukia zaidi. Kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono vikivimba ghafla, damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, hangoji alfajiri, anavushwa hospitali ya kaunti saa hiyo hiyo. Nimemwambia nduguyo, na wewe mwambie tena. Akisikia kwa watu wawili litamkaa.

Mamake wifi yako atakuja kutoka Faza kumlea siku arubaini, Mungu amjaalie afya. Ni mwanamke hodari, lakini umri umesogea, na kazi za arubaini unazijua: maji ya moto ya kumkanda asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, supu, nguo za mtoto zisizokwisha. Pale wanapikia makaa, na moshi ule haumfai mtoto mchanga wala huyo bibi mwenye kifua. Jiko la gesi la meko mbili wanalo, mtungi ndio mtupu. Jaza mtungi wa kilo 13, umewapa maji ya moto ya siku nyingi. Kisha mtafute mwanamke wa kufua, aje mara mbili kwa wiki mpaka arubaini itoke, umlipe wewe moja kwa moja. Shela wako wanaoitafuta kazi hiyo. Na chupa ya chai ya lita mbili, ile imara, ya kuwekea uji kando ya kitanda. Mama anayenyonyesha saa tisa za usiku hushikwa na njaa kali, na hana wa kumwamsha ampikie.

Asali uliyoitaja lete, lakini ni ya mzazi, aitie kwenye uji wake. Mtoto hapakwi mdomoni wala halambishwi kabla hajatimiza mwaka, kwani inaweza kuwa na vimelea vinavyomlegeza misuli mpaka akashindwa kunyonya, hata kupumua. Shangazi yako amekutuma wanja wa manga wa kumpaka mtoto macho. Usiununue, wanja huo mara nyingi una madini ya risasi, na risasi huharibu akili ya mtoto. Shangazi niachie mimi, nitazungumza naye kwa heshima yake. Udi vilevile usilete kwa sasa. Harufu kali zinamchefua, na mtoto akizaliwa chumba hakitafukizwa. Tende ndizo, lete kilo mbili. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki vinamfunga choo, na tende na matunda vinamsaidia. Nimemshauri pia chai asiinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia hayo madini ya chuma yasiingie mwilini, ananisikiliza nusu nusu.

Chandarua chenye dawa amepewa kliniki, usinunue kingine. Kigari cha mtoto nacho usifikirie kabisa. Kwenye vichochoro vyetu, na zile ngazi, na punda wanaopishana na watu, atakisukumia wapi?

Kama moyo wako hautatulia mpaka mtoto naye apate kitu, mletee fulana nne nyepesi za pamba za miezi mitatu hadi sita, kwa sababu za wachanga anazo nyingi na zitambana baada ya wiki chache. Nipe mimi nizihifadhi. Bibi yako hapendi vitu vya mtoto kuzidi nyumbani kabla hajazaliwa, na sisi hatutabishana naye.

Ukifika, mpe wifi yako mkiwa wawili, wageni hawapo. Kaa naye. Mwache aseme anachoogopa, wala usimwambie habari za uzazi wa fulani uliokuwa mgumu. Za namna hiyo ameshaletewa na kila mtu.

Mzigo mkubwa utie kwenye basi siku mbili kabla yako, uandike jina langu na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika. Nduguyo ataupokea Mokowe, upande wa bara, auvushe, na hamali ataungoja gatini. Mto usinunue huko. Fundi magodoro nimeshamwambia, sufi anayo, anachotaka ni malipo ya kwanza. Mtumie leo ukiweza, maana kazi zimemjaa.

Mamako,
Langoni, Amu