Ramani ianzie juu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: kama msomaji angepewa ruhusa ya kubadilisha jambo moja tu katika usanifu wa nyumba za kuishi na majengo ya jamii, ili yakalike vizuri, yadumu na yasiyaelemee mazingira, angebadilisha lipi? Mimi ni seremala wa mapaa, na mwamba ngoma huvutia kwake. Ningeamuru paa lichorwe kwanza. Kabla ya vyumba, kabla ya sebule, kabla hata ya ubishi wa mlango mkuu utazame wapi.

Hivi sasa mambo huenda kinyume. Mwenye nyumba na mchoraji hupanga vyumba, kuta husimama, kisha ndipo huitwa fundi wa paa aje kufunika. Fedha zimekwisha kuingia kwenye msingi na zege. Basi huanza mazungumzo ninayoyajua kwa moyo: tupunguze. Wa kwanza kupunguzwa ni upenu. Uliochorwa utoke sentimita 90 nje ya ukuta hubaki 30. Halafu mwinuko wa paa hushushwa ili mbao zitoshe. Dari itawekwa baadaye. Mifereji ya maji, baadaye pia. Kila punguzo huonekana dogo siku hiyo, na kila moja hulipwa na watakaokaa humo kwa miaka yote ambayo jengo litasimama.

Tuanze na joto. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la mchana husimama utosini, kwa hiyo sehemu ya nyumba inayolipokea zaidi ni paa, si ukuta. Bati lililozeeka na kupoteza mng'ao laweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi saa za adhuhuri. Likiwa halina dari chini yake, joto hilo humshukia aliyeketi ndani kama jiko lililoning'inizwa juu ya kichwa, hata madirisha yawe wazi yote. Mtu hununua feni. Feni humpulizia hewa ya moto. Akipata uwezo hununua kiyoyozi, na bili ya umeme inakuwa kodi ya paa baya. Dawa yake haina uchawi wowote: dari, nafasi ya hewa kati ya dari na bati, na matundu mawili, moja chini kwenye upenu na jingine juu karibu na kilele. Hewa ya moto hupanda yenyewe na kutokea juu, ikivuta ya chini iliyopoa. Lakini ili ipande inahitaji kimo, na kimo ndicho kilichokatwa siku ile ya kupunguza mbao.

Mfano ninaoupenda ni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Diébédo Francis Kéré aliisanifu kwa ajili ya kijiji alichozaliwa. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo. Dari nayo ni ya matofali ya udongo, yaliyopangwa yakaachiwa nafasi za kupumua. Juu yake kabisa, likiwa limeinuliwa mbali na dari, kuna bati pana linalotanda kupita kuta. Hewa hupita katikati na kuondoka na joto. Jambo linalonifurahisha mimi kama fundi ni kenchi zake, yaani fremu zinazolibeba bati: ni nondo za kawaida za ujenzi, zilizokatwa kwa msumeno wa mkono na kuungwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea, kazi ambayo wanakijiji walifundishwa wakaifanya wenyewe. Hakuna winchi iliyoletwa. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya wasanifu majengo. Wengi wakizungumzia kazi yake husifia udongo. Mimi naona paa, kwa sababu bila paa lile udongo ule ungekuwa na maisha mafupi.

Na hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Watu huukimbia udongo wakisema nyumba zake huanguka, wakakimbilia saruji. Saruji ina heshima yake, lakini ina gharama ambayo haiandikwi kwenye mfuko. Hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Fueli inayowaka hutoa kaboni dioksidi, na jiwe lenyewe linapobadilika hutoa nyingine. Jumla yake hukadiriwa kuwa asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi yote inayotolewa na shughuli za binadamu. Sasa mwulize fundi mzee wa nyumba za udongo ukuta ulianguka kwa nini. Atakuonyesha mahali pawili: juu, ambako mvua iliupiga ubavuni, na chini, ambako matone yaliyodondoka kutoka kwenye bati yaliruka na kuula ukuta siku baada ya siku. Tengeneza upenu mpana na uweke msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, ukuta huohuo utazeesha watoto na wajukuu. Paa ndilo linaloamua ukuta uwe wa nini. Ukilibana, umejilazimisha kununua saruji.

Anayedhani haya ni ya nchi zisizo na mvua nyingi tu atazame shule ya METI iliyoko Rudrapur, Bangladesh, nchi ambayo mvua za monsuni hazina utani. Anna Heringer na Eike Roswag waliisanifu, ikakamilika mwaka 2005: chini kuta nene za udongo uliochanganywa na majani makavu, juu ghorofa ya mianzi, na paa lililotokeza nje vya kutosha kuzifunika zote. Nayo ilipata tuzo hiyohiyo ya Aga Khan, mwaka 2007.

Niseme neno kuhusu mtindo wa kuficha paa nyuma ya ukuta, ili nyumba ionekane kama sanduku kwenye picha. Wateja wanaupenda sana, nami hulipwa kuujenga, kwa hiyo sitautukana sana. Ila mjue mnachonunua. Upenu hakuna kabisa. Maji yote ya mvua hukusanywa ndani ya mfereji uliojificha katikati ya ukuta na bati, mahali ambapo jani moja na mfuko mmoja wa plastiki vinatosha kuyageuza yaingie darini. Paa lenye upenu mfereji wake ukiziba, maji humwagika nje. Lile lililofichwa humwagia ndani.

Kwenye nchi za baridi hesabu hubadilika lakini hukumu haibadiliki. Kule hewa yenye joto, iliyogharimu fedha kuipasha, hupanda na kutafuta njia juu, kwa hiyo paa hupewa tabaka nene la kuzuia joto na kila mwanya huzibwa. Nyumba zilizojengwa Darmstadt, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilizoanzisha kiwango kinachojulikana kama Passivhaus, zilionyesha kwamba ukizingatia hayo pamoja na madirisha mazuri na njia ya kubadilisha hewa bila kupoteza joto, mahitaji ya kupasha nyumba hushuka hadi sehemu ndogo tu ya kawaida. Upenu nao una kazi kule. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, jua la adhuhuri mwezi Juni hupanda kama nyuzi 63 kutoka kwenye upeo, na Desemba huishia kama 17 tu. Upenu uliopimwa vizuri juu ya dirisha la kusini humkinga mtu na jua la kiangazi na kuliacha la baridi liingie hadi katikati ya chumba, bila mota wala swichi. Karibu na Ikweta shida ni jua la asubuhi na la jioni, linalopita chini ya upenu wowote ule. Ndiyo maana nyumba ndefu hulazwa mashariki hadi magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini. Mhimili wa paa ndio mhimili wa nyumba. Ukiuchora kwanza, vyumba vitajipanga nyuma yake.

Nisisahau zege, maana si kila paa ni la mbao. Laurie Baker, msanifu mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi kwa miongo mingi Kerala, India, alitumia sana mbinu ambayo ningependa kuiona kila mahali. Kwenye bamba la zege, uzito huifanya sehemu ya chini itake kutanuka, na nondo ndizo zinazobeba mvutano huo. Zege ya hapo inakaa tu kama abiria. Basi alipanga vigae vilivyokataliwa na viwanda katika sehemu hiyo ya chini, kisha akamwaga zege juu yake na katikati yake. Zege hupungua, uzito hupungua, na vigae vikiwa na uwazi ndani huzuia joto. Anayetaka kuijaribu amtafute mhandisi wa kukokotoa nondo zake. Si jambo la kukisia kwa macho.

Majengo ya jamii ndiyo yananiuma zaidi. Ukumbi, soko, zahanati, darasa: ukivichungulia vizuri, vingi ni paa lenye watu chini yake. Soko linahitaji kivuli na hewa. Kuta ni za kufungia mizani na meza. Darasa linahitaji utulivu, na yeyote aliyewahi kusoma chini ya bati tupu anajua mvua ikianza kipindi kimekwisha, mwalimu hukaa akisubiri. Dari huokoa masomo kwa sauti kama inavyookoa kwa joto, lakini nimeona makadirio mengi ya shule ambayo dari imewekwa kwenye fungu la "kama fedha zitabaki".

Halafu kuna swali ambalo wachoraji hawaliulizi: nani atapanda? Jengo la jamii halina mwenyewe wa kuamka usiku akasikia tone. Mfereji ukiwa mahali pasipofikika kwa ngazi ya kawaida, hautasafishwa. Usiposafishwa, maji yatarudi kwenye mbao. Mbao zitaoza kimyakimya, na miaka kadhaa baadaye kamati itaitisha harambee ya jengo jipya huku kuta za lile la zamani zikiwa nzima. Ningependa kila ramani ya ukumbi ionyeshe ngazi itaegemea wapi na nani atashika funguo za stoo ya ngazi. Ni mstari mmoja wa wino.

Na watu waulizwe. Hassan Fathy, gwiji wa Misri, alianza mwaka 1946 kujenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kwa matofali ya udongo, akifunika nyumba kwa matao na kuba za Kinubi zisizohitaji mbao za kushikilia wakati wa ujenzi. Kitaalamu ni kazi ya kupendeza mno. Waliokusudiwa kuhamia wengi walikataa. Sababu kubwa ilikuwa riziki yao, iliyofungamana na makaburi ya kale waliyoishi juu yake, lakini hata kuba zenyewe zililalamikiwa kuwa zinafanana na za makaburini. Paa likimtisha anayelala chini yake, hesabu zake za joto hazitamsaidia.

Kuhusu maji nitakuwa mfupi kwa sababu hesabu yake inajieleza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 80,000. Toa kama moja ya tano kwa yanayoruka na kukauka, na maji ya kwanza yanayoosha vumbi yasiingie tangini. Yanayobaki si haba. Lakini tangi lina uzito na linataka mahali, na mfereji unataka mteremko, kwa hiyo vyote viingie kwenye mchoro siku ya kwanza.

Sasa pingamizi, kwa kuwa najua mafundi wenzangu watalitoa: upenu mpana hukamatwa na upepo. Ni kweli. Tufani huingia chini yake na kulinyanyua paa zima. Kwa hiyo paa lifungwe kwa mikanda ya chuma hadi kwenye mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, au hadi kwenye msingi, lisiachwe limeshikwa na misumari tu. Penye vimbunga, paa lenye miteremko minne hustahimili kuliko la miwili, na kivuli cha baraza kijengwe kama paa dogo la pekee, ili upepo ukikichukua uache la nyumba. Kwenye pwani za vimbunga nisingethubutu kuchora upenu wa mita nzima, na simlaumu anayeukataa.

Kwa walio na nyumba tayari, ambao ndio wengi kati ya wasomaji wenu, paa bado linaweza kurekebishwa bila kubomoa. Bati likipakwa rangi nyeupe maalumu ya mapaa hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Ila lioshwe kila vumbi likizidi, maana nyeupe iliyochafuka haina kazi. Toboeni matundu kwenye ubao wa chini ya upenu, myawekee wavu wa kuzuia popo, na muweke njia ya kutokea hewa juu. Ukuta wa magharibi ujengewe baraza, hata ya nguzo nne. Na atakayempigia simu seremala amwite asubuhi ya mvua, si siku ya jua, apande darini na tochi aone maji yanakopita.