Maziwa hayakati sumu ya dawa ya nyanya

Swali: Shikamoo daktari. Juzi jioni mume wangu alirudi kupulizia nyanya akitokwa jasho na mate, macho yanaona ukungu. Chupa imeandikwa profenofos. Tulimpa maziwa, asubuhi akaamka mzima. Je, maziwa ndiyo yaliyokata sumu?

Jibu: Marahaba, mama. Maziwa hayakukata chochote. Mumeo amenusurika kwa kuwa sumu iliyomwingia ilikuwa kidogo.

Neva ikitaka tezi itoe mate au msuli ukaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika lazima uzimwe papo hapo, na kazi hiyo ni ya kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Molekuli yake moja hukatakata maelfu ya asetilikolini kwa sekunde. Profenofos hujibandika kwenye kimeng'enya hicho, nacho hukwama. Ujumbe hauzimiki tena: mate na jasho vinatiririka, mboni zinabana (ndio huo ukungu), misuli inachezacheza kisha inalegea. Anayekufa hufa kwa kukosa pumzi, mapafu yakiwa yamejaa majimaji.

Maziwa yanaishia tumboni. Sumu ya mumeo, nina hakika, ilipita zaidi kwenye ngozi, mgongoni palipoloweshwa na bomba.

Nimepokea wagonjwa waliocheleweshwa nyumbani wakinyweshwa maziwa na mayai mabichi. Mtu aliyelegea ukimnywesha, kinywaji kinaingia mapafuni. Na wapo wauza pembejeo wanaomwambia mkulima anywe maziwa kabla ya kupulizia! Huyo ndiye anayeacha glavu nyumbani akiamini amejikinga. Wauzaji wa namna hii wanaua watu.

Mtu akipatwa na hali hiyo, mvue nguo zote, mwogeshe kwa sabuni na maji mengi huku umevaa glavu, kisha mkimbize hospitali na chupa yenye lebo. Huko kuna dawa ya atropini, inayozuia asetilikolini iliyozagaa isiendelee kumjaza majimaji mapafuni. Dawa nyingine, pralidoksimu, hujaribu kuing'oa sumu kwenye kimeng'enya, lakini mkichelewa inagandamana moja kwa moja, na mwili hulazimika kutengeneza kimeng'enya kipya. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo mumeo, hata akijiona mzima, huenda kimeng'enya chake bado ni pungufu, na kiasi kilekile cha juzi safari hii kinaweza kumlaza. Apimwe leo, na bomba lipumzike mpaka daktari amruhusu.