Wadogo zangu, shikeni halisi mkononi

Wadogo zangu mlioapishwa juzi kuwa mawakili, ambao sasa mna mihuri mipya mezani, tuongee kuhusu kuthibitisha vivuli vya hati. Kila zikitangazwa nafasi za kazi serikalini naona yaleyale: foleni hadi nje ya mlango, karani ana rundo la vivuli, wakili anagonga huku anaongea na simu, na halisi zimebaki kwenye bahasha mapajani mwa wenyewe. Inanikera, na kwa sababu nawapenda nitasema.

1. Usigonge ambacho hukukiona. Maneno unayoyasaini chini ya muhuri yanasema umelinganisha kivuli na halisi, ukakuta vinafanana. Hukuona halisi? Basi umeandika jambo ambalo halikutokea na ukaliwekea jina lako. Kivuli cha kivuli hakithibitishwi, hata kama cha kwanza kina muhuri wa wakili mwenzako unayemheshimu. Picha ya kwenye simu, hapana. "Halisi iko benki", hapana.

Hiyo ya benki ndiyo iliyomponza mwenzangu, naye ameniruhusu niisimulie. Jioni moja, ofisi ikikaribia kufungwa, aliingia mteja wake wa siku nyingi na kivuli cha rangi cha mkataba wa mauziano ya kiwanja. Kivuli kizuri, hadi wino wa saini ulionekana wa bluu. Alisema halisi imeshikwa na benki kwa ajili ya mkopo. Mwenzangu akaona haya kumrudisha mtu waliyezoeana naye hivyo. Akagonga.

Miezi ikapita, karatasi ile ikaibukia baraza la ardhi. Upande wa pili alikaa mjane wa kaka yake yule mteja, na ndani ya mfuko wake wa plastiki ilikuwamo halisi. Ukurasa wa kwanza na wa mwisho ulifanana na kivuli. Wa katikati, uliotaja mipaka na jina la mnunuzi wa pili, ulikuwa mwingine kabisa. Wakili akaitwa kutoa ushahidi, akaulizwa swali moja tu: halisi uliionea wapi? Ananiambia alimtazama yule mama, akamkuta hana hata hasira, anasubiri jibu kama watu wengine wote. Akasema kweli, kwamba hakuiona. Malalamiko yakafika Kamati ya Mawakili, yenye mamlaka ya kumsimamisha wakili na hata kumfuta kwenye orodha. Hakufutwa. Ila anachokitaja mpaka leo ni nauli za yule mama, kwenda na kurudi tarehe baada ya tarehe, akipigania kiwanja ambacho mkataba wake halisi alikuwa nao muda wote. Kwa hiyo linganisheni kila ukurasa, hata wa katikati, hata mteja akiwa shemeji yako.

2. Karatasi ichunguzwe kabla ya maandishi. Igeuze, pitisha kidole gumba nyuma ya muhuri wa moto uone kama umebonyea kweli. Tazama matundu ya faili: kwenye kopi ya rangi yamechapwa, hayakutobolewa. Na alama ya pini isiyokwaruza ukucha ni wino tu.

3. Muhuri wako hausemi cheti ni cha kweli. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA, wakala mwenzake wa Zanzibar, ndiyo maana Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inataka uhakiki wao. Cha kidato cha nne kina wenyewe, Baraza la Mitihani, NECTA. Wala muhuri haupandishi karatasi cheo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, lakini kuna binti alinijia na hati ya matokeo iliyogongwa vizuri kabisa, kalipia, na siku ya mwisho ya maombi ni kesho yake. Aliyemgongea alijua. Mwambieni mtu kabla hajatoa hela!

4. Nakala ya hukumu inathibitishwa na mahakama yenye jalada, siyo na wewe. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inampa kazi hiyo ofisa anayetunza nyaraka ya umma.

5. Msichanganye na kiapo. Halisi ikipotea, mteja aende polisi apate ripoti ya kupotelewa, kisha aje aape mbele yako. Hapo unathibitisha kwamba ameapa, basi. Aliyoyasema ni yake. Jina lako, mahali na tarehe viwepo, Sura ya 12, sheria ya notari na makamishna wa viapo, inataka hivyo, na viapo vimetupwa mahakamani kwa kukosa hayo tu.

6. Mteja wako aliyeko New York akisema notari, yaani mthibitishaji nyaraka, wa huko kakataa kuthibitisha kopi ya pasipoti, usimwambie anazungushwa. Sheria ya jimbo lile haimpi notari mamlaka hayo. Notari wa California naye anaruhusiwa kuthibitisha kopi ya hati ya uwakilishi na ya daftari lake mwenyewe la kazi, basi. Kinachofanyika ni mwenye hati kuapa mwenyewe kwamba kopi ni sahihi, notari akashuhudia kiapo. Muulizeni kwanza anayepokea huku kama atalikubali hilo.

7. Leseni ya uwakili inakwisha tarehe 31 Desemba, huisheni mapema. Na muhuri usilale steshenari. Vishoka hawahitaji kuchonga wa bandia iwapo wenu unabaki kwenye droo ya mwenye mashine ya kopi.