Maswali yenu: zulia jipya, nyota tano na zamu ya Jumamosi usiku

Tangu nilipogusia nyumba za wazee hapa Marekani, barua zimemiminika. Wanaouliza CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, analipwa kiasi gani kwa saa nimewaweka kando, nilishawajibu mara tatu mwaka huu.

Shikamoo shangazi. Naomba unitajie nyumba nzuri ya wazee.

Marahaba. Nzuri wapi? Nchi hii ina nyumba hizo karibu 15,000 nawe hujaandika hata jimbo. Niandikie tena: mji gani, mzee anaweza nini na hawezi nini, na nani analipa.

Mimi na mke wangu tulitembelea moja. Zulia jipya, piano ukumbini, hakuna harufu. Tumeshaandikisha jina la mama. Tumekosea?

Mlikwenda saa ngapi? Nabahatisha: Jumanne saa nne asubuhi, kwa miadi, mkatembezwa na mtu wa mauzo. Saa hiyo hata nyumba mbovu inang'aa.

Nilifanya zamu ya usiku miaka mitatu katika nyumba yenye piano ambayo sikuwahi kuisikia ikipigwa. Tulikuwa CNA wawili kwa wakazi arobaini na kitu. Mwenzangu akiugua, nabaki peke yangu. Mzee wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili anageuzwa mara mbili usiku kucha, na vidonda vya kulalia vinaanzia hapo. Familia zao asubuhi zilisifia zulia.

Rudini Jumamosi saa kumi na mbili jioni, wakati wa chakula. Tazameni taa za kuita zilizo juu ya milango zinawaka muda gani kabla mtu hajaingia. Tazameni sinia zinazorudi jikoni: iliyorudi imejaa ni ya mzee ambaye hakulishwa. Tafuteni ripoti ya ukaguzi wa mwisho. Sheria inataka iwekwe mahali ambapo yeyote ataisoma bila kuomba. Wakikuambieni iko ofisini na mwenye ufunguo hayupo, mmeshajibiwa.

Na katika miji yetu mingi, zamu ya usiku humkosi anayezungumza Kiswahili. Msalimieni, mumuulize leo wako wangapi na kila mmoja ana wakazi wangapi. Msimuulize kama pale ni pazuri. Ana kodi ya nyumba ya kulipa.

Mimi niko Texas, dada yangu Minnesota. Karibu nami kuna nyumba ya nyota tano, karibu naye kuna ya nyota tatu. Si wazi kwamba baba aje kwangu?

Si wazi hata kidogo. Nyota za ukaguzi kwenye tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hupangwa jimbo kwa jimbo: asilimia 10 ya juu wanapata tano, asilimia 20 ya chini wanapata moja, waliobaki wanagawana za katikati. Hiyo ya kwako imewashinda wenzake wa Texas, basi. Minnesota haikuwa kwenye mbio hizo.

Nyota ya jumla nayo ni mchanganyiko wa ukaguzi, wafanyakazi na vipimo vya ubora, na vingi vya vipimo hivyo nyumba hujipimia yenyewe kisha ikapeleka majibu. Mimi huanza na wafanyakazi. Tangu 2018 hesabu yao inatokana na rejista ya mishahara, kwa hiyo wafanyakazi hewa wana kazi zaidi ya kujificha. Soma saa za wikendi, usome na wangapi huacha kazi kwa mwaka. Ukiona mkono ndani ya duara jekundu, nyumba hiyo iliandikiwa kosa la unyanyasaji.

Hukuniuliza, lakini: kati yenu nani atafika pale mara tatu kwa wiki? Kama ni dada yako, baba aende Minnesota.

Si aibu kumpeleka mama huko?

Aibu ni kumfungia ghorofani kwa muda wa saa kumi na mbili huku sote tuko zamu mbilimbili tukilea mama za wenzetu.

Mama alikuja kwa green card mwaka juzi, sasa amepata kiharusi. Medicare italipa nyumba ya wazee?

Hapana. Swali hili huja kila mwezi na jibu ni lilelile. Hata kwa raia, Medicare hailipii makazi. Hulipia matibabu ya kumrudisha mtu katika hali yake, siku zisizozidi 100, kwa kawaida baada ya kulazwa hospitali siku tatu mfululizo. Siku 20 za kwanza ni bure, kisha unachangia zaidi ya dola 200 kila siku. Tena angalieni neno "kulazwa": hospitali yaweza kumweka mtu kitandani siku nne na karatasi ikasema yuko chini ya uangalizi tu. Hizo hazihesabiki. Ulizeni kila asubuhi.

Anayelipia kukaa kwa muda mrefu ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na mwenye green card ambaye hajafikisha miaka mitano kwa kawaida husubiri. Majimbo machache yana mifuko yao wenyewe. Mwone mwanasheria wa msaada wa bure kabla hujauza kiwanja cha Kibaha. Nanyi mnaotaka kuandika nyumba ya baba kwa jina la mtoto ili Medicaid isiione: katika majimbo mengi wanakagua miezi 60 nyuma.

Wananitaka nisaini kama mdhamini wa malipo, la sivyo baba hapokelewi.

Usisaini. Nyumba inayopokea Medicare au Medicaid hairuhusiwi kuweka sharti hilo. Kama unashika fedha za baba, andika wazi kwamba unalipa kutoka humo. Ndani ya furushi hilohilo kuna ukurasa wa kukubali kutokwenda mahakamani. Huo nao si sharti, na ukiusaini una siku 30 za kuutengua. Wakikaza, mpigie ombudsman wa jimbo lako. Kazi yake ni kuwatetea wakazi, na hatozi kitu.

Kuna Mkenya mwenzetu hapa Kent, Washington, ana nyumba ya wazee sita, anapika ugali. Si afadhali kuliko lile jengo kubwa?

Huenda. Nyumba hizo ndogo hupewa leseni na DSHS, idara ya huduma za jamii na afya ya jimbo hilo, na ripoti zake utazisoma kwenye tovuti yao; kwa Medicare hutaziona, hazina nyota. Uliza nani yuko macho saa nane usiku. Kama mhudumu ni mmoja na baba yako hunyanyuliwa na watu wawili, ugali haumsaidii. Mkataba uwe wa maandishi. Nimeona watu wa kanisa moja wakiacha kusalimiana kwa malipo ya mwezi mmoja.

Naweza kumpelekea bibi chakula cha nyumbani?

Peleka. Muulize kwanza muuguzi kama bibi anameza vizuri. Akiwa ameandikiwa chakula laini, saga hiyo sukuma wiki, isije ikampalia.