Maswali ya Wasomaji: Amonia badala ya petroli?

Swali: Nina gereji ndogo. Mteja wangu mwenye matatu amesikia kwamba gari linaweza kutumia amonia na lisitoe kaboni. Ni kweli? Na mtungi wa gesi ya kupikia utafaa kuibebea? – Fundi, Shabab, Nakuru

Jibu: Injini inakubali. Ubelgiji iliendesha mabasi kwa amonia mwaka 1943, dizeli ilipoadimika wakati wa vita. Amonia ni naitrojeni na haidrojeni tu, kwa hiyo kwenye ekzosi kaboni haipo.

Uchafu uko kiwandani. Amonia nyingi hutokana na gesi asilia, na kila tani huacha hewani karibu tani 2 za kaboni dayoksaidi. Tani hiyo ya amonia ina nguvu sawa na lita 580 hivi za petroli, ambazo zikichomwa hutoa kama tani 1.3. Hapo mteja wako amepata hasara na hewa pia.

Iliyo safi hutengenezwa kwa umeme wa jua au wa mvuke kama ule wa Olkaria, lakini tani moja hula takriban megawati-saa 10 (uniti 10,000 za umeme), na kinachofika magurudumuni baada ya injini kupoteza joto ni chini ya moja ya tano. Umeme huohuo ukitiwa kwenye betri ya bodaboda, zaidi ya nusu hufika. Kwa maoni yetu, amonia safi iende kwanza kwenye mbolea ya mahindi ya Trans Nzoia, maana huko huchukua nafasi ya amonia ya gesi asilia, na kila tani huokoa zile tani 2 nzima.

Kuhusu mtungi: usithubutu. Presha si tatizo kubwa, ni kama baa 10 kwenye nyuzijoto 25. Tatizo ni valvu, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Amonia yenye unyevu huila hadi ipasuke. Kila kiungo kiwe cha chuma. Tangi nalo litakuwa kubwa karibu mara tatu ya lile la petroli.

Moto wake pia ni mvivu: husambaa sentimita 7 kwa sekunde, petroli karibu 40, kwa hiyo lazima usaidiwe na petroli au haidrojeni. Amonia isiyoungua hutoka na ekzosi, pamoja na naitrasi oksaidi, ambayo kilo moja hupasha dunia joto mara 273 ya kilo ya kaboni dayoksaidi.

Swali: Lori la amonia likipinduka karibu na ziwa, samaki watapona? – Mvuvi, Dunga, Kisumu

Jibu: Walio karibu watakufa. Kadiri maji yalivyo na magadi ndivyo sumu inavyozidi, kwa hiyo Ziwa Nakuru lingeumia kuliko lenu. Zimamoto hunyunyizia wingu la gesi maji ili kulishusha, na maji hayo yazibiwe kwa udongo kabla ya kufika mtaroni. Wewe kimbia ukikatisha upepo, usifuate unakoelekea. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, hata kama maumivu yametulia, kisha nenda hospitali.